Zenon Kulpa na Bastola ya Mkwewe

Mtu wa chumba cha kung'arisha hujulikana kwa mikono yake. Kwetu, pale mto unapokata kona chini ya kiwanda cha bastola, ukikutana na mwanamume saa kumi na moja jioni, mweusi mpaka kwenye kope, hukuwa na haja ya kumwuliza anafanya kazi gani. Ulimpisha. Wake zao walilalamikia sabuni inayokwisha upesi, lakini walilalamika kwa sauti ya juu, ili majirani nao wasikie.

Zenon Kulpa alikaa mbele ya gurudumu la ngozi la kung'arishia chuma miaka ishirini na sita, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mkono wa kwanza. Maana yake ni kwamba bastola ya bei kubwa kuliko zote, ile waliyoibandika jina la Malkia, haikutoka pale mpaka aipitishe yeye mwishoni. Chuma cha Malkia kiling'arishwa mpaka, hata kabla ya kuchovywa dawa ya rangi ya buluu, uliweza kunyolea ndevu mbele yake kama kioo. Wenye nazo waliinunua, wakaiweka kabatini, wakawa wanaitoa wageni wakija.

Halafu kulikuwa na Kurutu. Kurutu ilikuwa Malkia iliyovuliwa mapambo, basi. Chuma ni kile kile, mtutu ni ule ule, shabaha ni ile ile. Wakubwa wa kiwanda waliona askari polisi wanaitolea macho Malkia na mishahara yao haifiki, wakasema tuondoe kile kinachokula muda. Na kilichokuwa kinakula muda ni mkono wa Zenon. Kwa hiyo Kurutu haikung'arishwa. Ilipulizwa chembe za mchanga kwa upepo wa nguvu, ikachovywa dawa, ikatoka na weusi uliofifia, usiorudisha mwanga, ikauzwa nafuu. Watu wa chumba cha kung'arisha waliicheka sana. "Hiyo imeoga bila kujipaka mafuta," walikuwa wakisema, na Zenon alicheka kuliko wote.

Ndiyo hivyo. Cheka, lakini angalia unachokicheka.

Mwaka wa hamsini na saba, Kwaresima ikiwa katikati, jicho lake la kulia lilianza kuweka ukungu. Hakumwambia mtu. Bwana Thayer, msimamizi wa chumba, alimwita chini ya taa, akamwekea Malkia tatu mezani.

"Zenon, zisome herufi hizo."

Zenon akainama. Herufi za ubavuni zilikuwa zimelika nusu. Matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka kingo kama vibakuli. Mng'arishaji akibonyeza kupita kiasi ndicho kinachotokea, gurudumu linakula pale lisipotakiwa kula. Na kwa watu wale, kufanya kibakuli ni aibu kuliko kuanguka na pombe kanisani siku ya Pasaka.

"Hizi ni zangu?" akauliza, na alijua.

"Zako. Sikufukuzi, mzee. Siwezi kukufukuza wewe. Lakini kuna nafasi kwenye mchanga."

"Kwenye Kurutu?"

"Kwenye Kurutu," Bwana Thayer akasema, akayageuzia macho dirishani.

Basi Zenon akahamia jengo la nyuma, kwenye kabati la chuma lenye kidirisha, mikono ndani ya glavu za mpira mpaka viwikoni. Kazi yenyewe aliijua katika siku chache. Alitega sikio: mchanga ukilia sawasawa, chuma kinatoka sawasawa. Lakini moyoni hakuiita kazi. Na nyumbani hakusema neno, si kwa mkewe Bronia, si kwa binti yake Halina aliyekuwa ameposwa.

Tatizo lilikuwa mikono. Mtu wa mchanga hutoka na vumbi la kijivu, kama mwuza unga. Mtaa mzima ungejua siku ya kwanza. Unajua alichofanya? Alikuwa akiokota mabonge ya dawa nyeusi ya kung'arishia kwenye ndoo ya taka, anaingia chooni king'ora kinapolia, anajipaka. Mikono, shingo, chini ya macho. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, anajipaka uchafu ili aheshimiwe! Kisha anatoka langoni na wenzake wa zamani, anaitikia salamu. Usiku alilala amempa mkewe mgongo.

Sasa, kwa watu wa chumba kile kulikuwa na mila. Ukiozesha binti, bwana harusi hukuletea kitu cha chuma anachotembea nacho kila siku, nawe unaking'arisha kwa mkono wako mwenyewe. Mchinja nyama huleta kisu. Mwendesha garimoshi huleta saa. Kitu hicho hupitishwa mezani siku ya harusi, kila mgeni akione, na hapo ndipo jina la baba wa bibi harusi linapopimwa. Hakuna aliyewahi kukataa.

Mchumba wa Halina alikuwa Edmund Wrona, askari wa jimbo, kijana mwenye masikio makubwa na hasira za karibu. Jumapili moja ya Juni alikuja kula, akaweka boksi la kadibodi kando ya bakuli la kabichi zilizoviringishiwa nyama.

"Baba mkwe, nimekuletea bibi harusi wangu wa pili."

"Wa kwanza ni nani?" Halina akamwuliza. "Chunga hicho kinywa, ndoa haijafungwa bado."

"Wa kwanza ni wewe, mama. Huyu ni wa kwenda naye kazini." Akafungua boksi. Ilikuwa Kurutu mpya kabisa. "Najua, najua, ni Kurutu. Mfuko wangu ndiyo umefika hapo. Sisi kambini tunajinunulia wenyewe. Lakini ikishapita mikononi mwako, nani atajua? Nataka Septemba, siku ya harusi, waione wakose la kusema. Waseme, hii ni Malkia."

Zenon aliitazama ile bastola ikiwa imelala kwenye karatasi yake. Hapo ndipo pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mwanangu, mimi sing'arishi tena. Wangeshangaa, wangekula, ingekwisha. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, binti yake anatabasamu, na huyu kijana amemwegemea kama mtoto anayengoja peremende.

"Nipe wiki mbili," akasema.

"Mbili tu? Mnaona?" Edmund akawageukia wanawake. "Huyo ndiye mkono wa kwanza!"

Bronia akaondoa sahani.

Jumamosi iliyofuata Bronia alikwenda kanisani kusaidia upishi wa mnada wa parokia, na Zenon akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alikuwa na gurudumu lake dogo huko, analizungusha kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Akaifungua Kurutu vipande vipande, akaitoa rangi kwa siki, akawasha mota.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Mikono ilikumbuka, na alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu Kwaresima. Halafu akaona kama kuna wimbi ubavuni, uvimbe mdogo, au labda ni ukungu wa jicho. Akalifukuza. Likahamia pembeni. Akalifukuza tena, akabonyeza zaidi. Mtu mwenye akili angeizima mota hapo. Lakini Zenon hakuwa anang'arisha bastola wakati ule, alikuwa anagombana na Bwana Thayer, anagombana na jicho lake, anataka chuma kimwambie kwamba walikosea wote. Chuma hakimwambii mtu hivyo. Alipozima na kuipeleka dirishani, iling'aa, ndiyo. Iling'aa na kuyumba kama maji ya ndooni. Matundu ya skrubu yalikuwa vibakuli, herufi zimekuwa vivuli, na chini ya mpini, kwenye namba ya bastola, tarakimu mbili hazisomeki.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia. Alilia kwa sauti, maana nyumba ilikuwa tupu.

Jumatatu aliificha ndani ya mfuko wa mkate, akampelekea Aurelio Benfatti, mkuu wa chumba cha dawa ya rangi. Aurelio alikuwa Mtaliano mfupi, rafiki yake tangu ujana. Walioa mwaka mmoja, wakazika wazazi wao mwaka mmoja. Wakubwa waliruhusu vitu vya harusi vichovywe pale bila maswali. Aurelio akaigeuza ile bastola mara mbili.

"Mama yangu! Nani kaichinja hii?"

"Ichovye tu, Aurelio."

"Zenon, mng'aro hausamehe. Ingekuwa ya mchanga ingejificha. Hii nikiitia buluu, kila kosa litapiga kelele."

"Nimekuomba, ndugu yangu. Ichovye."

Aurelio alimtazama usoni. Alijua Zenon yuko kwenye mchanga, kiwanda kizima kilijua. Ni nje tu ya lango ndiko siri ilikokuwa siri. "Haya," akasema. "Lakini usinipe asante."

Na kweli, buluu ilipokaa, kila kosa lilipiga kelele. Edmund alipoipokea Jumapili, tabasamu lilimtoka taratibu. Aliigeuza dirishani, akapitisha kidole juu ya tundu la skrubu, akakirudisha.

"Baba, hii... imekuwaje hapa?"

Zenon alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Alijiandaa njia nzima kutoka kanisani. Kinywa kilipofunguka, kikatoa kingine.

"Ni chumba cha dawa. Mimi niliitoa safi. Wameipika kupita kiasi, dawa imekula chuma. Aurelio siku hizi amechoka, nilipaswa kujua."

"Aurelio? Huyo si rafiki yako?"

"Ndiyo maana nilimwamini," Zenon akasema.

Lo! Lilivyotoka laini! Hata yeye alishangaa. Chakula kilipoletwa alisingizia tumbo, akaenda kulala na jua linawaka.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya Jumanne sajini alikagua silaha kambini, akaiinua bastola ya Edmund, akajaribu kuisoma namba, asiweze. Bastola yenye namba iliyolika ni bastola ya mwizi, na Edmund alisimamishwa mbele ya wenzake aeleze ameipata wapi. Wakamcheka. "Wrona, umeiokota mtoni?" Kijana akawasha gari na hasira zake mpaka dirisha la makarani wa kiwanda, akamtaka Aurelio Benfatti kwa jina.

Aurelio akatoka, anafuta mikono. Edmund akamwosha mbele ya watu: mzee amechakaa, hana macho, amemharibia rafiki yake zawadi ya binti yake, amemtia yeye aibu ya wizi. Makarani waliacha mashine zao wakasikiliza. Bwana Thayer naye akafika, akauliza ni kazi ya nani hii.

Aurelio aliitazama bastola, akamtazama kijana. "Ilitoka kwenye tangi langu," akasema. "Andikeni mimi." Bwana Thayer aliviona vile vibakuli, akayageuzia macho dirishani, akaandika.

Kiwanda kikaichukua ile bastola ili kiipige namba upya, lakini kwanza ilibidi itundikwe. Ndivyo ilivyokuwa desturi: kazi iliyoharibika huning'inizwa kwenye msumari juu ya mahali pa aliyeiharibu, na jina lake kwa chaki, siku tano, ili wote waione wanapokwenda kupiga kadi za kuingia kazini. Aurelio alikuwa amefanya kazi miaka thelathini bila msumari.

Zenon aliiona Jumatano asubuhi. Alisimama mlangoni, kadi mkononi, mpaka waliokuwa nyuma wakamsukuma. Mchana akapita tena, maana njia ilikuwa hiyo hiyo moja. Alhamisi akapita akiangalia sakafu. Aurelio hakumwita, hakumkunjia uso. Alikuwa anakoroga tangi lake tu, na juu ya kichwa chake kinang'aa kile kitu. Kama angetukanwa ingekuwa afadhali. Zenon alijiambia siku tano si nyingi, Jumatatu itashushwa, watu watasahau. Akajiambia pia kwamba hakumlazimisha mtu kubeba mzigo. Ukitaka kujua mtu amefika wapi, sikiliza anavyojitetea peke yake.

Ijumaa wakati wa chakula vijana wa kung'arisha walikuwa wamejaa mlangoni pa chumba cha dawa na mikate yao.

"Babu Aurelio, leo unapika bastola au maharage?"

"Mwache, labda aliweka chumvi nyingi."

"Mpeni miwani jamani, mpeni na kiti akapumzike nyumbani!"

Aurelio alishusha kikombe chake cha kahawa kabla hajakinywa, akawageuzia mgongo. Zenon aliuona mgongo ule. Hakuwa amepanga lolote, nakuambia kweli. Alijikuta tu anawapenya wale vijana, amepanda kwenye boksi, ameishusha bastola, anafuta chaki kwa kiganja.

"Si ya huyu," akasema. "Hivi vibakuli ni vya gurudumu. Dawa haifanyi vibakuli. Nyinyi mnajiita wang'arishaji na hamkuona hilo?"

"Basi ni ya nani?"

"Yangu."

Wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Kisha wakaacha. Mmoja, ambaye Zenon mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika chuma, akasema polepole, "Mzee, wewe ulikuwa mkono wa kwanza."

"Nilikuwa. Sasa niko mchangani, na hata nilipokuwa kwenu niliharibu tatu. Nendeni mkale."

Walipoondoka alimgeukia Aurelio, anatafuta neno. Aurelio hakumsubiri.

"Siku tatu, Zenon. Siku tatu umepita hapa."

"Nisamehe."

"Usidhani nilikusitiri kwa mapenzi. Kijana alipokuwa ananitukana nilikuona wewe, jinsi ungeonekana ukisimama pale badala yangu, nikaona haya kwa niaba yako. Sikuweza kuvumilia. Nenda kamwambie mkweo. Mimi nitakusamehe nikiwa tayari, leo siko tayari."

Jumapili, kabla ya supu, Zenon alisema yote. Aliyasema amesimama, mikono imeshika mgongo wa kiti: jicho, mchanga, mota ya mashine ya kufulia, Aurelio. Halina alianza kulia. Bronia akaendelea kukata mkate.

"Mashati yako yana mchanga mifukoni tangu Kwaresima," akasema. "Unafikiri nafua nimefumba macho? Nilikuwa nangoja uniambie. Halafu nikachoka kungoja, na hilo ndilo linaloniuma, Zenon. Nilikuzoea hivyo."

Edmund alikuwa mwekundu mpaka kwenye yale masikio.

"Nimemtukana mzee wa watu dirishani. Nimemwambia hana macho. Kwa neno lako, Baba! Nilimwita mzee mchakavu, na yeye anajua, na akaniacha niropoke!"

"Najua."

"Hujui. Kesho nitakwenda nyumbani kwake na kofia mkononi, na wewe utakuja nami, utasimama pembeni unisikilize nikiomba radhi kwa uongo wako."

"Nitakuja," Zenon akasema.

Kijana akavuta kiti, akaketi. Aliichukua bastola mezani, maana Zenon alikuwa ameileta, namba imeshapigwa upya, akaigeuza kama anayemtazama mgonjwa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na hakuwa na nia ya kumwumiza mtu. Alikuwa anasikitikia kitu chake tu.

"Unajua, siku niliyoinunua, kabla sijaileta hapa, sajini aliishika. Yule mtu hasifu kitu. Akasema amezikagua Kurutu mia, hajaona weusi uliotulia namna ile, hauna doa, hauna mstari. Akaizungusha kambini wote waione. Akaniuliza nani kaifanya, nikaona haya kusema sijui, na mkwe wangu yuko kiwanda hicho hicho." Akainua macho. "Nani kaifanya ile, Baba? Utakuwa unamjua. Ningependa nimwombe radhi na yeye."

Kabati la mchanga lilikuwa moja. Tangu Kwaresima kila Kurutu iliyotoka kiwandani ilipita ndani ya glavu zile mbili za mpira.

Zenon alikuwa amekiri uongo wote wiki ile bila sauti kumkatika. Sasa aliiinamia mikono yake iliyoshika kiti. Bronia akaacha kukata mkate.

"Mimi," akasema, na hilo, kwamba kazi yake bora aliidharau mpaka akaiharibu mwenyewe, ndilo alilolionea haya kuliko yote.